Umeme Unapotuliza Misuli Iliyokakamaa

Miezi kadhaa baada ya kiharusi, mgonjwa huweza kuwa na nguvu za kusimama na bado akashindwa kutembea. Kila anapopiga hatua, misuli ya shavu la mguu hukaza, kisigino huinuka na vidole hukwaruza sakafu. Jamaa zake hudhani hana bidii. Kumbe ubongo uliojeruhiwa umepungukiwa uwezo wa kuizuia misuli hiyo, ambayo kila inapovutwa, hasa kwa haraka, hujikaza kupita kiasi.

Miongoni mwa njia za kuituliza ni umeme mdogo upitishwao kwenye ngozi kwa kifaa kiitwacho TENS. Mtaalamu wa fiziotherapia huweka vibandiko karibu na neva ipitayo upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti. Neva hiyo huhudumia misuli inayoinua unyayo. Ikiamshwa, taarifa zake hufika kwenye uti wa mgongo, na amri ya kukaza misuli pinzani, yaani ya shavu la mguu, hupungua. Mara nyingi hutumika mipigo ipatayo 100 kwa sekunde, kwa nusu saa hadi saa moja.

Mwaka 1992, watafiti Mindy Levin na Christina Hui-Chan walichapisha matokeo ya wagonjwa wa kiharusi waliopewa vipindi 15 vya saa moja: ukakamavu wa misuli ulipungua na nguvu ya kuinua unyayo ikaongezeka.

Hata hivyo, nafuu ya kila kipindi haidumu. Misuli ikiwa imelegea, ndio wakati wa kuinyoosha, kusimama na kujifunza tena kutembea. Anayepitishiwa umeme kisha akarudi kulala huipoteza nafasi hiyo.

Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asitumie TENS bila idhini ya daktari wake. Vibandiko visiwekwe mbele ya shingo, juu ya jeraha, wala tumboni mwa mjamzito. Ngozi iliyopoteza hisia ikaguliwe kabla na baada ya tiba.

Ukakamavu ukizidi ghafla, mhudumu asikimbilie kuongeza umeme. Achunguze kwanza maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga choo au kidonda kilichojificha mgongoni, kwa maana mwili huweza kulalamika kupitia misuli kabla mgonjwa hajasema neno.