Risasi ya Mpanda: Neno Moja, Madini na Silaha

Reli itokayo Kaliua kwenda Mpanda, ambao leo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, haikujengwa kwa ajili ya asali wala mbao. Ilijengwa chini ya utawala wa Waingereza, kuelekea mwaka 1950, ili kusafirisha mbale ya risasi. Mgeni akiambiwa kwamba Mpanda palichimbwa risasi huenda akadhani anataniwa, kwani aijuayo yeye hutoka katika bunduki.

Neno hili asili yake ni Kiarabu, na huko nako madini na kifyatuliwacho vina mzizi mmoja. Mafundi wa pwani waliukwepa utata huo bila kukusudia: kizito cha mwashi ni timazi, cha mvuvi ni chubwi, cha nahodha apimaye kina ni bildi. Majina yote hayo hutaja kazi. Hakuna litajalo madini yenyewe.

Fundi wa betri hana bahati hiyo. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alizamisha mabamba ya risasi katika asidi ya salfuriki, akapata betri ya kwanza iwezayo kuchajiwa tena. Bamba moja ni risasi tupu, la pili lina oksidi yake. Betri itoapo umeme, yote mawili hugeuka salfeti ya risasi. Ichajiwapo, hurejea hali ya awali. Seli moja hutoa takriban volti 2, ndiyo maana betri ya gari ya volti 12 ina seli 6. Salfeti ikikaa muda mrefu hukomaa kuwa fuwele kubwa, nayo betri hufa. Watafiti huchanganya kaboni katika bamba hasi ili kuchelewesha kifo hicho.

Sarufi husaidia kwa kiasi: "risasi tatu" haziwezi kuwa madini, kwa kuwa madini hayahesabiki. Lakini "sumu ya risasi" haina idadi ya kumwongoza msomaji. Jambo hili si la kamusi tu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, moshi na maji machafu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu viliwadhuru wakazi, hata mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Baadhi ya waandishi hupendelea "plumbi", neno safi lakini geni kwa mama mwenye mtoto mgonjwa. "Sumu ya madini ya risasi" ni ndefu zaidi, ila mama huyo ataielewa bila kufunguliwa kamusi.