Unaenda Hell's Kitchen, Marafa? Shika Hizi Rada Kwanza

Kama form ya wikendi ni Malindi, usiishie kwa bichi tu. Chukua mbogi mwende Marafa, huko Magarini, mkaone korongo la Hell's Kitchen. Wagiriama huliita Nyari, yaani mahali palipojivunja penyewe.

Wazee husema kulikuwa na familia tajiri iliyooga maziwa hadi Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Ukuta mweupe ni maziwa, mwekundu ni damu. Ukweli ni kwamba mvua na upepo vimekula hilo jiwe la mchanga polepole, na bado vinakula.

Sasa, jua la saa sita huko chini si mchezo, joto hufika nyuzi 50. Shuka kuanzia saa kumi jioni na maji yako. Lipa guide wa hapo, njia anazijua.

Mawingu yakijaa, usishuke. Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 kwenye korongo la Hell's Gate, Naivasha. Maji yakija, kuta hazikupi pa kukimbilia. Picha inaweza kungoja, buda.