Mwanao anasomea udaktari Dar? Muulize kwanza kama amekula na kulala

Kijana akichaguliwa kusomea udaktari, habari hufika kijiji kizima kabla hajafunga begi. Siku hiyohiyo anaanza kuitwa "dokta". Hajamaliza hata mwaka wa kwanza, simu zimeanza: shangazi anauliza dawa ya miguu kuwaka moto, jirani anataka kusomewa majibu ya kipimo, mdogo wake anakumbusha viatu vya shule. Ni nadra mtu kumuuliza yeye anaendeleaje.

Nami nilikuwa hivyohivyo. Mtoto wa baba yangu mdogo alikuwa anasomea udaktari, amepanga chumba Mbagala, wilayani Temeke. Kila watoto wangu wakikohoa, nampigia. Siku moja simu ikapokelewa na mwenzake wa chumba, akaniambia kwa sauti ya chini: "Dada, huyu leo siku ya tatu hajatoka ndani. Hali, haogi, anatazama ukuta tu." Tulishukuru Mungu kwamba alipata msaada, na baadaye alirudi darasani. Lakini niligundua kwamba mwaka mzima nilikuwa naongea naye na sikuwahi kumuuliza yeye hali yake.

Ndugu msikilizaji, kama una mtoto, mdogo wako au mjukuu anayesomea udaktari, makala hii ni yako.

MASOMO YENYEWE YAKOJE?

Mafunzo ya udaktari Dar es Salaam yalianza mwaka 1963. Shule ile ya wakati huo ndiyo leo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, pale Upanga. Kipo pia Chuo Kikuu cha Kairuki, kilichoanza mwaka 1997 huko Mikocheni, wilaya ya Kinondoni. Shahada ya udaktari ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa utarajali hospitalini.

Mwanzoni wanasoma mwili wa binadamu: mifupa, mishipa, namna moyo na figo vinavyofanya kazi. Wanajifunza hata kwa kupasua maiti zilizohifadhiwa. Baadaye wanaingia wodini. Huko kijana wa miaka 22 anaweza kuona mtoto akikata roho asubuhi, na mchana akatakiwa kukaa kwenye mtihani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mitihani nayo haina huruma. Ukifeli somo unarudia mtihani, wenyewe huita "sapu". Ukizidi kufeli unaondolewa chuoni, na hapo wanasema "amedisko". Sasa fikiria mtu ambaye kijiji kizima kinamwita dokta, halafu anawaza kudisko.

CHUMBA MBAGALA, DARASA UPANGA

Si wote wanaopata nafasi bwenini. Wengi hupanga mbali, kwenye kodi nafuu: Mwananyamala na Tandale upande wa Kinondoni, Tandika na Mbagala upande wa Temeke. Lakini nafuu hiyo ya kodi wanailipia kwa usingizi.

Anayetakiwa kuwa wodini mapema inabidi aamke saa kumi na nusu alfajiri, agombanie daladala, akae kwenye foleni. Jioni ni hivyohivyo. Akifika amechoka, hawezi kupika. Ananunua chipsi mayai na soda kibandani, kisha anaanza kupiga msuli, yaani kusoma kwa nguvu, hadi saa sita na nusu usiku. Hesabu mwenyewe: huyo amelala saa 4 tu. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kila usiku.

Ili macho yasifumbe, wengine hunywa kahawa au vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu. Vinywaji hivi havileti nguvu mpya. Kafeini iliyomo inazuia tu ubongo usihisi uchovu. Ukinywa saa tano usiku, karibu nusu ya kafeini hiyo bado iko mwilini saa kumi alfajiri, kwa hiyo hata ule usingizi mdogo unakuwa mbovu. Na ni wakati tumelala ndipo ubongo hupanga na kuhifadhi yale tuliyojifunza mchana. Anayekesha kila siku anajinyima yale aliyoyasoma.

Pesa nayo ni mtihani mwingine. Wenye mkopo wa serikali hupata posho ya kujikimu, maarufu kama bumu. Mwaka 2022 kiwango kiliongezwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Hiyo ni ya chakula na malazi, na huja kwa awamu. Wapo wanaoigawa, sehemu wanatuma nyumbani, wao wanabaki na mlo mmoja kwa siku.

KWA NINI WANAFICHA?

Mwaka 2016 jarida la tiba la JAMA la Marekani lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi 43. Ulionyesha kuwa kama asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake. Ni zaidi ya mmoja kwa kila wanne. Kati ya waliokutwa na dalili, ni kama asilimia 16 tu waliotafuta tiba.

Wako hospitali kila siku, mbona hawatibiwi? Sababu moja ni aibu. Daktari atakayemwona huenda ndiye mwalimu wake, na wanaopita koridoni ni wenzake wa darasa. Anaogopa kuambiwa kazi haiwezi. Nyingine ni sisi wa nyumbani: tumeshamfanya yeye ndiye wa kutusaidia, hana pa kusema kwamba amechoka.

Hata kiapo cha madaktari kimeligusa jambo hili. Oktoba 2017, Chama cha Madaktari Duniani kilikirekebisha Kiapo cha Geneva na kuongeza ahadi kwamba daktari ataangalia pia afya yake mwenyewe, ili aweze kuhudumia wagonjwa vizuri. Kwa hiyo kujitunza si uvivu wala kudeka. Ni sehemu ya kazi.

WEWE ULIYE NYUMBANI, MUULIZE HAYA 4

1. Umekula nini leo? Ukiweza, mtumie kifurushi kwa basi: maharage, karanga, dagaa, mchele. Usimwombe bumu lake.

2. Umelala saa ngapi? Mpigie jioni mapema au mwisho wa wiki. Simu ya saa tano usiku ya kuuliza dawa inaweza kusubiri.

3. Umechanja homa ya ini? Mwanafunzi anashika sindano na damu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huambukiza kwa kuchomwa sindano kirahisi kuliko VVU. Chanjo yake ni dozi 3 ndani ya miezi 6. Akichomwa na sindano iliyotumika, asinyamaze: atoe taarifa palepale. Dawa za kuzuia VVU zianzwe mapema, kabla ya saa 72 kupita, na zinamezwa siku 28.

4. Moyo wako ukoje? Akijibu "niko sawa", usikate simu. Angalia kama hapokei simu siku nyingi, halali au analala kupita kiasi, hali, haendi darasani, au anasema maisha hayana maana. Mshauri aende ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Kama anaogopa kuonekana chuoni, aende hospitali nyingine, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke au ya Mwananyamala. Akitaja kutaka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo. Mtafute aliye karibu naye ampeleke hospitali siku hiyohiyo.

Ndiyo maana nakuomba leo hii uchukue namba ya rafiki yake mmoja wa karibu. Mimi namba hiyo sikuwa nayo. Ilikuwa bahati tu kwamba mwenzake alipokea simu.

Siku hizi nikimpigia mdogo wangu naanza na chakula na usingizi. Watoto wakikohoa, nawapeleka zahanati.