Mbwa Huyu ni wa Nani?

Usiku, kila mbwa wa Konoin ana mwenyewe. Mgeni akikaribia lango, sauti hutoka ndani ya nyumba: "Simba! Tulia!" Kukicha, Simba yuleyule akimng'ata mchunaji njiani, hana kwao.

Nilikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani chai upande wa Mogogosiek, mama mmoja alipofika na kapu nusu. Alivua gambuti la kushoto. Mguuni, matundu manne juu kidogo ya ulipofika ukingo wake, mawili bado yakivuja damu. Vijia vya chai ni vyembamba. Mwenye kapu mgongoni na aproni ya plastiki hawezi kukimbia wala kugeuka upesi. Karani wa mizani akauliza, "Mama, ni mbwa wa nani?" Watu wakainamia majani yao. Mzee mwenye boma pale juu, ambaye sote tulimjua kwa mbwa wake watatu, akasema wake ni wawili.

Hapo ndipo sheria zetu hukwama, nazo zipo. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti wanyama, leseni za mbwa zikiwemo. Ipo pia Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Ukidai fidia mahakamani, unaegemea kanuni tulizorithi kwa Waingereza: uthibitishe kwamba mwenye mbwa alijua mnyama wake ni mkali, au kwamba alizembea. Waingereza wenyewe walizibadilisha mwaka 1971. Lakini kabla ya kuuliza alijua nini, sharti apatikane. Kichekesho ni kwamba ukiraruliwa na fisi, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakuonyesha pa kudai. Jamaa za aliyeuawa wametengewa shilingi milioni 5. Fisi ana serikali. Simba wa bomani hana mtu.

Karani, kijana mwenye akili, alimpeleka mama bombani akauosha mguu kwa sabuni ya mche dakika 15 nzima. Bado kulikuwa na chanjo: kwa ratiba iliyozoeleka, siku ya kwanza, inayohesabiwa 0, kisha ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Kwa anayelipwa kwa kilo, kila sindano ni siku bila majani. Mbwa akijulikana, hufungwa na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, hakuwa akiambukiza kichaa alipong'ata, na mama anapumua. Mzee alipokana mbwa wake, hilo ndilo alilomnyima, kubwa kuliko fidia.

Sidhani faini pekee itamfanya aseme kweli; faini ndiyo inayomfundisha kuhesabu wawili. Ningeanza na siku ya chanjo ya bure pale pale kituoni, watoto waje na mbwa kwa kamba za katani, kila mbwa apewe ukanda wenye namba na jina la boma liandikwe daftarini. Wataalamu wanataka mbwa 7 kati ya 10 wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Daftari hilo hilo lingemtaja mwenyewe siku ya kung'atwa.

Siku ya tatu nilipita bomani kwa mzee. Mbwa wa tatu alikuwa amefungwa kwenye nguzo kwa kamba mpya.

"Chamgei, mzee. Na huyu?"

"Huyu ni mgeni," akasema, akimwekea ugali wa jana.