Kariakoo Inapotaka Kukesha

Magharibi ikiingia, Mtaa wa Kongo hugeuka upesi. Milango ya chuma ya fremu hushushwa kwa kishindo, wamachinga hufunga nguo zao kwenye marobota, na kule Gerezani abiria hubanana wakisubiri mwendokasi. Saa chache baadaye, pale ambapo mchana watu walipita wakisukumana hubaki walinzi, paka na mikokoteni iliyoegeshwa. Mpita njia wa saa hiyo huficha simu yake na kuongeza mwendo.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanatamani usiku wa namna nyingine. Februari 2025 mpango wa biashara kwa saa 24 ulizinduliwa rasmi, ukiambatana na ahadi za taa na kamera za ulinzi. Sababu inaeleweka. Soko hili la Dar es Salaam linalisha maduka ya mikoani na ya nchi jirani: Zambia, Malawi, Kongo, Komoro. Mteja aliyeshuka kwenye basi usiku hulazimika kulipia nyumba ya wageni ili tu asubiri kufuli zifunguliwe asubuhi.

Taa zinahitajika, tena sana. Ila Kariakoo iliwahi kuwa na ulinzi ambao haukuhitaji umeme.

Jina lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili kuwatenga Waafrika na wengine. Upande wa Kariakoo zikajengwa nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma na baraza mbele. Barazani wazee walicheza bao, akina mama waliuza maandazi, habari zote zilipita hapo. Mtoto akipotea, alikuwa na watu kumi wa kumrudisha kwao. Kibaka alijulikana kabla hajanyoosha mkono. Katika ujirani huo huo, kwenye nyumba moja ya Mtaa wa New, ambao sasa ni Lumumba, chama cha siasa cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Nyumba nyingi za aina hiyo zimevunjwa. Mahali pake yamesimama maghorofa yenye fremu chini na stoo juu yake, kwa kuwa fremu inalipa kuliko chumba cha kulala. Mwenye kiwanja halaumiwi kwa kutafuta riziki, lakini hasara ipo: duka likifungwa, mtaa haubaki na mwenyewe.

Na hofu ya Kariakoo haitokani na vibaka peke yao. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza Soko Kuu, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, yenye paa la miavuli ya zege iliyokinga maji ya mvua. Kisha, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka likiwa na watu ndani. Zaidi ya 80 waliokolewa. Zaidi ya 20 walikufa. Kwa siku kadhaa ndugu walikaa karibu na kifusi wakingoja jina litajwe. Baada ya msiba kama huo, mtu akisema anataka Kariakoo salama, anamaanisha pia nguzo, ngazi za dharura na njia ambayo gari la zimamoto linaweza kupita bila kuzuiwa na meza za biashara.

Muuza viatu atakayekesha dukani anahitaji basi la kumrudisha Mbagala au Kimara alfajiri. Mama lishe anahitaji choo kilicho wazi saa tisa usiku, chenye maji na mwanga. Hayo yanaweza kuanza mwaka huu. Lenye faida ya muda mrefu zaidi liko mikononi mwa wanaotoa vibali vya ujenzi: kila ghorofa jipya la Kariakoo litengewe sakafu za watu kuishi, na mbele yake paachwe nafasi ya baraza.