Walimu, tazameni nambari kabla ya kununua tochi

Vyote ving'aavyo si dhahabu, walinena wahenga. Nami nathubutu kuongeza kwamba si kila tochi itoayo mwanga wa zambarau inafaa kufundishia. Katika maonyesho ya sayansi ambayo nimebahatika kuyahudhuria, nimewaona wanafunzi waliokusanya mawe, stempu na noti za kale, wakachanga senti zao na kununua tochi isiyoweza kuwaonyesha walichokitafuta. Mtoto humulika jiwe, akaona zambarau tupu, akaondoka akiamini kuwa jiwe hilo halina jambo. Fedha zimepotea, na lililo baya zaidi, somo limepotoka.

Hebu tuanze na msingi. Mnamo 1801, Mjerumani Johann Wilhelm Ritter alitambua kwamba ng'ambo ya rangi ya zambarau ipo miale isiyoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo iitwayo urujuanimno. Mwaka 1852, George Gabriel Stokes wa Chuo Kikuu cha Cambridge alieleza jinsi maji yaliyotiwa kwinini yanavyoipokea miale hiyo na kuirejesha kama mwanga wa buluu tunaouona. Mawe, wino, nge na vioo vyenye urani hufanya vivyo hivyo, kila kimoja kwa rangi yake.

Sasa tuje sokoni. Tochi hizi hutofautishwa kwa urefu wa mawimbi, unaopimwa kwa nanomita. Zile za bei nafuu, zenye balbu nyingi ndogo, aghalabu ni za nanomita 395. Nyingine ni za 365. Tofauti ya nanomita 30 yaonekana ndogo, kumbe ndiyo inayoamua mambo. Jicho la binadamu huanza kuona mwanga karibu na nanomita 400. Kwa hivyo tochi ya 395 humwaga zambarau nyingi ambayo hufunika mng'ao hafifu wa jiwe au stempu. Inatosha kwa nge na kwa kioo cha urani, lakini mkusanyaji wa madini haimfai. Huyo atafute ya 365 yenye kichujio cha kioo cheusi mbele yake, kwani kichujio hicho huzuia mwanga unaoonekana na kupitisha urujuanimno.

Muuza duka akikuhakikishia kwamba tochi ni ya 365, usibishane naye. Toa noti halali mfukoni na uimulike penye giza. Karatasi ya noti ikibaki na giza huku nyuzi na alama zake zikiwaka, tochi ni njema. Noti nzima ikigeuka zambarau, irudishe.

Yapo madini ambayo hata tochi hiyo haiyafichui ipasavyo. Mawe mashuhuri ya Franklin, New Jersey, nchini Marekani, ambamo wilemiti huwaka kijani na kalsiti nyekundu, huonekana vyema chini ya mawimbi mafupi ya nanomita 254. Lakini miale hiyo huunguza macho na ngozi. Kwa maoni yangu, taa ya aina hiyo haina nafasi mikononi mwa wanafunzi.

Wala tochi ya 365 si ya kuchezea. Kwa kuwa mwanga wake hauonekani, mboni ya jicho haisinyai kama inavyosinyaa mbele ya jua, na jicho hupokea miale mingi bila mwenyewe kujua. Mwalimu asiwashe tochi kabla ya kila mtoto kuvaa miwani inayozuia miale hadi nanomita 400.

Aidha, tusiigeuze tochi kuwa hakimu. Rubi za Mangari, katika Taita-Taveta, hung'aa nyekundu kwa sababu ya kromi iliyomo. Lakini rubi iliyotengenezwa kiwandani nayo ina kromi, nayo hung'aa. Vilevile, dawa za kuzidisha weupe zilienea katika karatasi baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Basi stempu inayodaiwa kuwa ya 1920 na ambayo karatasi yake inawaka buluu inastahili kutiliwa shaka. Hata hivyo, sabuni nyingi za kufulia zina dawa hizo hizo, na huenda stempu ilioshwa tu. Shaka si hukumu; ni mwanzo wa uchunguzi.

Shule isiyo na fedha za tochi mbili na inunue moja iliyo bora, pamoja na miwani. Majani mabichi yakisagwa ndani ya spiriti yatawaka nyekundu, na soda yenye kwinini itawaka buluu. Mwanafunzi akijiuliza ni kwa nini rangi hizo zinatofautiana, hapo ndipo thamani ya tochi itakapoonekana.