Umeme wa Angani na Tafsiri ya Visasili vya Kale

Mnamo mwaka 1950 Immanuel Velikovsky, tabibu wa maradhi ya akili, alichapisha huko Marekani kitabu kiitwacho Worlds in Collision. Alidai kwamba sayari ya Zuhura ilichomoka katika Mshtarii, ikapita karibu na dunia mithili ya nyota yenye mkia yapata karne ya 15 kabla ya Kristo, na kwamba visasili vya mataifa mengi ni kumbukumbu za kisa hicho. Kwa vile kanuni za uvutano hazikuruhusu mwendo wa namna hiyo, alitafuta msaada katika umeme na usumaku.

Waliomfuata walikwenda mbali zaidi. David Talbott, katika The Saturn Myth (1980), alishikilia kuwa Zohali ndiyo iliyokuwa jua la kale, imesimama juu ya ncha ya kaskazini. Baadaye yeye na Wallace Thornhill waliifasiri radi ya Zeus na vajra ya Indra kuwa ni miale ya plazima iliyoruka baina ya sayari. Plazima yenyewe si jambo la kubuni. Ni gesi ambayo atomu zake zimepoteza elektroni, na Hannes Alfvén alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1970 kwa kazi yake juu yake. Lakini dai kwamba jua huwaka kwa mkondo wa umeme utokao nje halisimami: chembe za neutrino zitufikiazo kutoka huko zaonyesha kwamba viini vya atomu huungana kitovuni mwake.

Hata hivyo, suala hili si la wanafizikia peke yao. Velikovsky alimfanya Athena kuwa Zuhura, ilhali Wayunani wenyewe waliinasibisha sayari hiyo na Aphrodite. Isitoshe, mabamba ya Babeli yahusuyo enzi ya mfalme Ammisaduqa, aliyetawala kabla ya tukio linalodaiwa, yanaorodhesha kuonekana na kutoweka kwa Zuhura kwa miaka 21; na ingawa nakala zina makosa, mwendo huo kwa jumla ni huu tuujuao leo. Kila nyoka akiwa plazima, na kila mungu wa kike akiwa Zuhura, lugha iliyobeba kisasili haina tena kazi. Waswahili husema kimondo ni kijinga cha moto ambacho malaika humpigia shetani. Sijui nani angekipima kijinga hicho kwa volti.

Si kwamba visasili havihifadhi matukio. Waklamath wa Oregon husimulia vita vya mzimu wa chini na mzimu wa juu, vilivyokwisha kwa mlima kuporomoka. Mlima Mazama uliporomoka kweli, yapata miaka 7,700 iliyopita. Shimo lake limekuwa ziwa, na majivu yake yangali ardhini, tabaka lenye kupimika. Masimulizi hayo yamepata shahidi asiyeyategemea. Zohali ya Talbott haijampata.